Je, wajua kwa nini kijana mwenye huruma sana anaweza kuangukia kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu?

Karibu kila darasa la sekondari lina binti wa namna hii. Wazazi wa rafiki yake wakigombana, asiyelala usiku ni yeye. Mwenzake akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, yeye ndiye anayeacha chakula sahanini. Walimu wanamsifu kwa moyo wake mzuri. Halafu polepole anajitenga, maksi zinashuka, na siku moja anatamka kwamba hana faida kwa mtu yeyote.

Inawezekanaje? Kwanza, huruma ina sura zaidi ya moja. Mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Davis, alitoa dodoso linaloipima kwa pande nne. Kuna kuwaza hali ya mwenzako kana kwamba ni yako, kuna kumjali, na kuna ile taharuki inayokukumba wewe mwenyewe unapomwona anaumia, hadi mwili unakosa utulivu. (Upande wa nne ni kuzama katika maisha ya wahusika wa hadithi.) Inayoandamana na sonona mara nyingi ni taharuki hiyo. Kijana anayeweza kuielewa shida ya mwenzake akiwa ametulia hayumo katika hatari ileile.

Taharuki peke yake hupita. Mimi naona shida inaanza pale kijana anapojiuliza, “Kwa nini sikuweza kumsaidia?” Hapo machungu ya mtu mwingine yanageuka kuwa kosa lake.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 108 zenye washiriki zaidi ya 22,000, kuhusu aibu, hatia na dalili za sonona. Aibu, yaani kujiona mtu mbaya, ilifungamana na sonona zaidi kuliko hatia, yaani kujutia tendo fulani. Hilo lilitarajiwa, kwa sababu aliyekosea anaweza kuomba radhi na kurekebisha, lakini anayejiona yeye mzima ni kosa atarekebisha nini? Kilichonigusa zaidi ni kwamba hatia ya kujitwisha mambo yasiyo mikononi mwako, kama ugomvi wa wazazi au ugonjwa wa mama, ilikaribiana na aibu kwa uzito wake. Huo ndio mzigo anaoubeba binti yule.

Umri nao unachangia. Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind alieleza kwamba vijana balehe huishi kana kwamba kuna hadhira inayowatazama muda wote. Sasa msimamishe kijana kama huyo paredi, asomewe nafasi ya mwisho mbele ya shule nzima. Mtu mzima anaona ni matokeo ya mtihani tu, ila yeye anasikia hukumu juu ya nafsi yake. Tangu balehe pia, wasichana hupata sonona karibu mara mbili ya wavulana.

Njia ya kutoka hatia hadi sonona hupitika pande zote mbili, maana sonona yenyewe huzalisha hatia: kujilaumu kupita kiasi ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari huzitafuta. Ndiyo maana kumwambia “jikaze” au “wenzako wana shida kuliko wewe” kunamwongezea aibu juu ya ugonjwa.

Kinachofaa ni kukaa naye na kutenganisha mambo kwa maneno ya wazi. “Mimi na baba yako tumekosana. Hukusababisha wewe, na si kazi yako kutupatanisha.” Watoto wengi hawajawahi kuambiwa sentensi hiyo, wanajijazia wenyewe. Iwapo huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda kumedumu wiki mbili, karibu kila siku, mpeleke kwa mhudumu wa afya. Akitaja kutaka kufa, usihesabu wiki. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.