Tembo tamu si maji: maswali ya mwenye kisukari

Baba ana kisukari. Soda ameacha, lakini kila asubuhi anapiga bilauri ya tembo tamu, yaani utomvu wa mnazi ambao haujachacha. Anasema ni maji ya mti tu. Kweli?

Hapana. Maji ya mti yanapita njia nyingine. Mnazi una mishipa ya aina mbili. Zailemu hupandisha maji kutoka mizizini, bila pampu yoyote: maji yanapogeuka mvuke kwenye makuti, huyavuta ya nyuma yake mpaka kileleni. Floemu hubeba sukari iliyopikwa na makuti kwa mwanga wa jua. Sukari ikijaa humo, maji ya zailemu huifuata, shinikizo hupanda, na utomvu husukumwa kuelekea sehemu zinazokua.

Karara changa, kifuko cha maua ambayo hayajafunguka, ni sehemu yenye njaa kuliko zote, kwa kuwa maua na nazi vinatoka hapo. Ndipo mgema anapokata kwa kotama, kisu chake cha kugemea. Kinachodondokea kibuyuni ni chakula cha maua.

Tembo likiwa halijaanza kuchacha, mililita 100 zina sukari gramu 15 hivi. Soda aliyoiacha mzee ina 10 au 11! Bilauri ya mililita 250 inakaribia vijiko tisa vya chai.

Mbona mgema hupanda asubuhi na jioni?

Mti nao huziba kidonda, kama damu inavyoganda. Asipochonga kipande chembamba upya, tembo hukatika.

Basi anywe tembo kali, lililochacha, si sukari imekwisha?

Imepungua, maana hamira huigeuza kuwa pombe, na huanza kazi mara tu tembo linapodondokea kibuyuni. Lakini pombe huzuia ini kutengeneza sukari mpya. Kama mzee anachoma insulini au anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, halafu anywe kabla ya kula, sukari inaweza kushuka ghafla, hata saa kadhaa baadaye. Akitetemeka, kutoka jasho au kuongea ovyo, watu watasema kalewa tu. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Na dafu?

Lina sukari kidogo, gramu 3 au 4 hivi kwa mililita 100, ingawa nayo ihesabiwe. Shida yake ni potasiamu, ambayo ni nyingi, na figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Kisukari cha miaka mingi huharibu figo kimyakimya. Kama mzee hajapimwa figo mwaka huu, apimwe kabla ya kuzoea dafu la kila siku.