Kiporo cha wali na moto wa kupashia

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi huaminiwa kwamba wali uliolala sufuriani huwa salama ukishapashwa moto mkali. Imani hiyo si sahihi. Chembe sugu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili mapishi ya kwanza, na wali ukiachwa usiku kucha katika joto letu la pwani, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo hata kuchemsha hakuiondoi, ingawa wali wenyewe waweza kuendelea kunukia nazi vizuri. Kinachookoa kiporo ni kupozwa haraka: wali utandazwe kwenye sinia, uingizwe kwenye friji ndani ya muda wa saa 2, ndipo kesho yake ukaangwe kwa kitunguu, nyanya na mbaazi zilizohifadhiwa vivyo hivyo. Pasipo friji, ni heri kupika wali wa kuliwa ukaisha.