Je, wajua kwa nini rangi kuukuu ya mashua hupashwa moto kabla ya kukwanguliwa?

Anayekarabati mashua ya mbao kwa mara ya kwanza hukimbilia mashine ya msasa. Fundi mzoefu huipasha rangi kwa mashine inayopuliza hewa ya moto, kisha huikwangua kwa mkono ingali laini.

Sababu imo ndani ya rangi yenyewe. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa. Mafuta yake huungana na oksijeni ya hewani na kuwa ngozi ngumu, na badiliko hilo huendelea polepole kwa miaka mingi hadi ngozi hiyo inakakamaa na kupasuka, kwa kuwa ubao ulio chini yake bado hutanuka ukilowa na kunywea ukikauka. Joto hulegeza ngozi hiyo kabla ya kuudhuru ubao, hivyo tabaka zilizorundikana kwa miaka huweza kubanduka kwa pamoja. Msasa nao huilainisha rangi kwa msuguano mpaka punje zake zinaziba, na ukiufikia mti hula sehemu laini haraka kuliko ngumu, ukaacha ubao wenye mawimbi na uliopungua unene.

Tena kuna vumbi la msasa. Rangi nyingi za zamani, hasa ile nyekundu ya kutangulizia, zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Hata hivyo joto nalo lina mpaka wake, maana likipita kiasi huitoa risasi hiyo kama mvuke, na ndiyo maana kanuni za ukarabati wa nyumba nchini humo zinakataza mashine za hewa ya moto kuzidi nyuzi 593 za Selisiasi kwenye rangi ya aina hiyo.

Sehemu inayozama majini ni habari nyingine. Rangi yake huwekwa sumu, mara nyingi ya shaba, ili viumbe wa baharini wasijigandishe, kwa hiyo haipashwi moto kamwe. Huloweshwa maji, ikakwanguliwa ingali imelowa. (Waunda majahazi wa Lamu walilikwepa tatizo hilo la sumu kwa kupaka deheni ya chokaa na shahamu, na chombo kikipandishwa pwani hukichoma chini kwa makuti makavu kuwaua minyoo watoboao mbao.)

Penye maungio moto usikawie, usije ukaharibu kalafati, yaani kizibo kinachozuia maji kupenya kati ya mbao. Kikwangulio kifuate nyuzi za mti, na pembe zake zipigwe tupa ziwe mviringo, zisiuchimbe ubao.