Miongo 36 na gatha tano: kuupanga mwaka kwa hesabu ya kwetu

Azma nyingi za Januari mosi huanguka kwa kasoro ya hesabu kabla uvivu haujafika. Mtu huzichukua siku 365, akazifunga kifurushi kimoja, akaandika juu yake "mwaka huu nabadilika". Siku ya nane akiteleza anaona mwaka mzima umekwisha haribika, na akitaka kujua amefika wapi itambidi angoje Disemba. Kifurushi hakina mpini wa kushikia.

Wazee wa mwambao walikuwa na hesabu nzuri zaidi, nasi tumeiachia ngoma na kamera za watalii. Mwaka wa Nairuzi, huu unaofunguliwa kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya kule Makunduchi, Unguja, ni mwaka wa jua wenye siku 365. Hugawanywa kwa makumi. Kila siku kumi ni mwongo mmoja, miongo yote ni 36, na siku tano zinazosalia huitwa gatha, hazimo katika mwongo wowote. Wakulima na mabaharia waliitegemea hesabu hii kujua upepo utageuka lini na mbegu itiwe lini, kazi ambayo mwaka wa Hijria hauifanyi, kwani una siku 354 au 355 na miezi yake huzunguka misimu yote.

(Kamusi siku hizi hupenda "muongo", tena kwa maana ya miaka kumi. Mimi nabaki na "mwongo" kwa makusudi: asiyeandika mwongo wake huwa mwongo kweli.)

Hesabu hiyo ndiyo ninayoitumia kuwapangia watu mwaka wao. Si lazima uanze Siku ya Mwaka, yaani siku ya kwanza ya Nairuzi, katikati ya Julai. Iegemeze tu kwenye kalenda ya ukutani: mwongo wa kwanza ni tarehe 1 hadi 10 Januari, wa pili ni 11 hadi 20, na uendelee hivyo bila kujali mwezi unaishia wapi. Mwongo wa 36 utafungwa tarehe 26 Disemba, na gatha zako zitakuwa 27 hadi 31.

Kusudi kabla ya lengo

Lugha yetu imeshatutenganishia mambo ambayo watu huyachanganya. Nia iko moyoni, kabla ya tendo. Azma ni nia iliyokazwa. Lengo linatokana na kulenga: lina umbali, na mshale ama umefika ama haukufika. Kusudi ni jengine kabisa. Tunasema mtu kafanya jambo makusudi, yaani halikumtokea tu, alilielekea. Kwa hiyo swali la kusudi si "mimi nimeumbiwa nini?", swali zito ambalo humlaza mtu na kichwa kinamuuma. Swali ni: mwaka uliopita, katika niliyoyafanya, yepi niliyafanya makusudi na yepi yalinitokea?

Hilo lina jibu, na ushahidi wake unao mkononi. Fungua miamala ya simu ya miezi mitatu ya mwisho, fungua picha, fungua daftari la deni la dukani kama unalo. Chukua karatasi, uikate mstari katikati. Upande mmoja andika pesa na saa zilizokwenda ulikotaka; upande wa pili zilizokwenda kwa sababu mtu alipiga simu, kulikuwa na harusi, au ulikuwa umekaa barazani na usiku ukaingia. Usiuone upande wa pili kuwa ni dhambi. Harusi na msiba ni nusu ya maisha ya visiwani, na asiyekwenda naye hatoendewa. Unachokitafuta ni kile kinachojirudia upande wa kwanza hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akikutazama.

Kutokana na hicho, andika sentensi moja. Naiwekea masharti matatu: isizidi maneno 12, iwe na kitenzi cha kazi, na iwe na mtu mwengine ndani yake asiyekuwa wewe. "Kuwa mtu bora" inakataliwa, haina kitenzi cha kazi wala mtu. "Kufanikiwa kimaisha" vilevile. "Kuwafundisha watoto wa mtaani hesabu mpaka waache kuziogopa" inapita. "Kuwatoa wazazi wangu kwenye nyumba ya kupanga" inapita. Sharti la tatu ndilo linalowasumbua watu zaidi, khasa vijana, na ndilo nisilolilegeza. Kusudi lisilo na mtu ndani yake hugeuka kuwa kioo, na kioo kinachosha haraka.

Kuna kosa jengine hapa: kusudi la kuazima. Dalili yake ni kwamba unaweza kulisema vizuri mbele za watu lakini huwezi kutaja kitu kimoja ulichokifanya kwa ajili yake katika siku 30 zilizopita. Likiwa hivyo, liache. Hukulikosea, si lako.

Kitendo kimoja, saa moja, mahali pamoja

Kutoka kwenye sentensi, chagua kitendo kimoja tu. Si vitatu. Mtu aliyechangamka Januari atataka kusoma, kupunguza uzito na kuweka akiba kwa pamoja, na ifikapo mwongo wa tatu vyote vimekufa, kwani vilikuwa vinagombania saa ileile moja ya asubuhi.

Kitendo kiandikwe kwa sura ya "nikisha… nita…". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya namna hii: unakifunga kitendo kipya kwenye kitu ambacho tayari kitatokea, ili usisubiri hamu. Sisi tuna vifungo vitano kila siku, vyenye adhana yake. "Nikishaswali Alfajiri, kabla sijashika simu, nitasoma kurasa mbili." "Nikishafunga duka, nitatia elfu moja kwenye kopo." Maneno ya "kabla sijashika simu" si mapambo. Kifungo kisichotaja adui wake hufunguka.

Kiasi kiwe kidogo hadi uone haya kukitaja. Kurasa mbili kwa siku, ukizizidisha kwa siku 360, ni 720, yaani vitabu vitatu vinene. Shilingi 5,000 kila mwongo ni 180,000 kufika Disemba. Si utajiri, lakini ni mkoba wa skuli, viatu na sare. Tumefunzwa madrasani kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mola ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo, kisha Januari tunaipanga kama kwamba hatukuisikia.

Na mazoea huota lini? Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kutoka siku 18 hadi 254. Kwa hesabu yetu, 66 ni miongo sita na siku sita, kwa hiyo kipe kitendo chako miongo saba kabla hujakihukumu. Wakaona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Anayeacha kwa sababu ya siku moja huwa ameangushwa na hasira zake, si na siku ile.

Ukurasa wa mwongo

Daftari la kawaida la skuli linatosha, ukurasa mmoja kwa kila mwongo. Juu andika namba ya mwongo na tarehe zake. Chini yake, visanduku kumi vya kutia alama. Chini yake tena, mistari miwili tu: "kilichozuia" na "nitakachobadilisha". Usiongeze kitu. Daftari linalotaka maelezo marefu hujazwa mara mbili, mara ya tatu huwekwa juu ya kabati.

Siku ya kumi funga ukurasa baada ya Alasiri, kabla jua halijazama. Kwetu usiku hutangulia mchana. Magharibi ikishaingia, tayari uko kwenye mwongo mpya. Dakika kumi na tano zinatosha. Ukipata alama saba au zaidi, usiguse kitu, hata ukijisikia una nguvu za kuongeza. Kuongeza mapema ndiko kunakovunja mpango mzuri. Ukipata nne hadi sita, kiasi kiache kama kilivyo, badilisha saa au mahali. Tatu kushuka chini, kata kiasi nusu. Na kama umekata nusu na mwongo unaofuata umepata tatu tena, tatizo haliko kwenye nidhamu. Rudi kwenye ile sentensi ya maneno 12.

Kwenye mstari wa "kilichozuia" andika kitu, si tabia. "Uvivu" hakirekebishiki. "Umeme ulikatika na kitabu kimo kwenye simu" kinarekebishika: nunua kitabu cha karatasi.

Faida iliyojificha ni hii. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionesha kwamba watu huanza mambo mapya zaidi penye mianzo ya wakati: wiki mpya, mwezi mpya, mwaka mpya. Mwenye azma ya mwaka ana mlango mmoja. Mwenye miongo ana milango 36, na akianguka leo, mlango wa mbali kabisa uko siku kumi mbele.

Msimu si adui, uandike

Mpango uliotungwa bila kutazama msimu utavunjwa na msimu. Kabla mwaka haujaanza, pitia miongo yote na utie rangi ile utakayoipunguzia mzigo. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuingia karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo, yaani kuanzia mwishoni mwa mwongo wa nne hadi mwisho wa mwongo wa saba hivi. Kitendo cha baada ya Isha hakitosalimika mbele ya tarawehe, na cha alfajiri kitakutana na usingizi wa baada ya daku. Kihamishie baada ya Adhuhuri kwa miongo hiyo, ukiandike hivyo tangu sasa. Masika itachukua takriban mwongo wa 8 hadi wa 15. Aliyepanga kutembea nje awe na mbadala wa ndani. Kwa mtu wa Pemba anayechuma, msimu wa karafuu ukishachanganya hakuna kitendo kinachobaki isipokuwa kile cha dakika tano. Na mkarafuu wenyewe ni mwalimu: haujazi kila mwaka. Huzaa ukavunja matawi, kisha ukakaa misimu na kidogo, na hakuna mwenye akili anayeukata kwa hilo.

Wapo pia ambao mwongo hauwafai, na nisingewalazimisha. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanaishi kwa bamvua, maji makubwa yanayorudi kila wiki mbili hivi. Kwao ukurasa uwe wa bamvua, ambazo kwa mwaka ni karibu 25. Mvuvi wa dagaa naye hufanya kazi gizani, kwani mbalamwezi ikiwa pevu taa haivuti vizuri. Siku hizo za mwezi mkubwa, anapokaa nchi kavu, ndizo za kufungua daftari.

Tarehe 30 Juni unaanza mwongo wa 19. Siku ya pili yake serikali nayo inafungua mwaka wake wa fedha, na mwongo unaofuata huwa na Siku ya Mwaka Makunduchi. Soma kurasa 18 za nyuma kwa mkupuo mmoja. Usizisahihishe. Tafuta kizuizi kilichoandikwa zaidi ya mara tatu, kisha shughulika na hicho peke yake.

Gatha

Sasa zile siku tano. Watu huzitumia kununua nguo na kungoja fataki. Mimi huzigawa, kazi moja kila siku, isiyozidi saa moja.

Gatha ya kwanza ni ya karatasi iliyokatwa katikati niliyoieleza juu. Ya pili ni ya madeni, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Andika unachodaiwa: pesa, ahadi, vitu ulivyoazima, na radhi. Makunduchi wanaume hupigana kwa makoa ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe uwanjani, kisha wakala pamoja. Wewe huna uwanja, una simu. Piga, usitume ujumbe. Deni la pesa usiloweza kulilipa, taja tarehe na kiasi cha kuanzia, hata kama ni elfu mbili. Mdai huumizwa na kimya zaidi kuliko uchache. Wale uliowakosea nao wakafariki, dua na sadaka, na kama ni mali, warithi wao wapo.

Ya tatu ni ya kuacha. Chagua kitu kimoja cha kutoka: kamati moja, kundi moja la simu, upatu mmoja uliokuzidi. Nafasi ya kitendo kipya hutoka hapa, kwani siku haina saa ya ishirini na tano. Ya nne andika sentensi yako na kitendo chako. Ya tano usiandike chochote. Nenda pwani ukakoge.

Ikiwa Januari imeshaingia na gatha zimekupita, tumia jioni tano mfululizo za mwongo wa kwanza, na visanduku vyako vianze tarehe 11. Na 2028, kwa kuwa Februari itakuwa na siku 29, mwongo wa 36 utafungwa tarehe 25 Disemba na utabakiwa na siku sita. Mwaka wa Nairuzi hauijui siku hiyo, ndiyo maana kila miaka minne unarudi nyuma siku moja katika kalenda yetu ya ukutani. Sijaipangia kazi. Lala.