Mzazi kuchagua shule ya umma: maana ya haki hii na namna ya kuidai

Katika mjadala wa elimu nchini Marekani, "mzazi kuchagua shule" maana yake ni familia kuwa na haki ya kumpeleka mtoto katika shule inayoendeshwa kwa kodi ya wananchi hata kama siyo iliyopangiwa mtaa wao. Uzito wake utauona ukianza na hali ilivyo pale ambapo haki hiyo haipo. Nchi ina takriban wilaya 13,000 za elimu, kila moja na bodi yake, bajeti yake na mipaka yake, na ndani ya wilaya shule nyingi zina maeneo yao ya kuchukua wanafunzi. Anwani ndiyo inayoamua mtoto atasoma wapi. Mwenye nacho huchagua shule siku anayonunua nyumba. Mpangaji wa vyumba viwili hupokea alichopangiwa.

Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alikaa jela siku 9 kwa sababu aliwaandikisha binti zake wawili katika wilaya jirani kwa anwani ya babu yao. Baadaye mwaka huohuo gavana wa jimbo alilipunguza kosa lake kutoka jinai kubwa hadi dogo. Kwetu sisi, mtoto kwenda kukaa kwa babu ili asome ni jambo la kawaida kabisa. Huko lilimpa mama rekodi ya jinai, na kesi hiyo iliwaamsha wazazi wengi kuuliza kwa nini mpaka wa wilaya uwe na nguvu kuliko mahitaji ya mtoto.

Haki hii ina milango kadhaa, na anayeitetea bila kutaja mlango anaoutaka huishia kutetea asichokikusudia. Mlango wa kwanza ni usajili huria: mzazi anaomba nafasi katika shule nyingine ya umma, ndani ya wilaya yake au nje. Minnesota ndiyo iliyotangulia kuufungua kwa jimbo zima, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wa pili ni shule za sumaku, zenye mkazo maalumu kama sayansi, lugha au sanaa, ambazo zilienea ili kuvuta watoto wa mitaa yote na kupunguza ubaguzi wa rangi madarasani. Wa tatu ni shule za mkataba, au chata: zinalipiwa na serikali, hazitozi karo, lakini zinaendeshwa na bodi zao wenyewe kwa mkataba unaoweza kufutwa. Sheria ya kwanza ya chata ilipitishwa Minnesota mwaka 1991 na shule ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Leo zimepita 7,000. Waombaji wakizidi nafasi, kwa kawaida chata hupiga kura ya bahati nasibu; haichagui kwa alama za mtihani kama inavyodhaniwa mitaani.

Mlango wa nne ni vocha, ambapo fedha ya umma inalipa karo ya shule binafsi. Milwaukee ilianza mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Marekani ikaruhusu zitumike hata katika shule za dini mwaka 2002, na Arizona mwaka 2022 ikaruhusu kila mtoto kupata akaunti ya elimu, yaani fedha ya umma ambayo mzazi huitumia kulipia masomo nje ya shule za umma. Tunaiweka vocha kando kwa makusudi, kwa kuwa inampa mzazi uhuru lakini inamtoa kwenye ulinzi wa sheria za shule za umma. Mfano mmoja unatosha. Mtoto mwenye ulemavu katika shule ya umma, chata ikiwemo, ana haki kisheria ya mpango wake binafsi wa masomo na huduma zake bila malipo. Mzazi akimhamishia shule binafsi kwa hiari yake, haki hiyo kamili haimfuati. Wazazi wengi huligundua hilo wakiwa wameshasaini.

Kuna historia ambayo mtetezi hapaswi kuikwepa. Baada ya Mahakama Kuu kupiga marufuku ubaguzi shuleni mwaka 1954, Kaunti ya Prince Edward huko Virginia ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964, huku watoto wa Kizungu wakisomeshwa katika shule binafsi zilizosaidiwa kwa ruzuku za karo. Watoto Weusi wengi walipoteza miaka kadhaa ya masomo. Neno "uhuru wa kuchagua" lilitumika wakati huo kama ngao ya ubaguzi. Kwa hiyo watu wanapolishuku leo, wana sababu, na jibu la kweli ni kudai sheria yenye masharti: shule isichague watoto, isitoze ada ya siri, na usafiri usiwe wa wenye magari tu.

Hilo la usafiri ndilo linaloua haki hii kimyakimya, na Louisville, Kentucky, ni mahali pa kuliona. Tunautaja mji huu pia kwa sababu familia nyingi za Kikongo zilipokelewa pale kama wakimbizi, na Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha kubwa za wanafunzi wa wilaya yake. Wilaya hiyo imewaruhusu wazazi kuomba shule kwa miongo mingi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliukataa mpango wake wa kuwapanga watoto kwa kuangalia rangi, nao ukatengenezwa upya. Shule za sumaku zikaendelea, na mabasi ya njano yakivuka mji mzima. Kisha madereva wakapungua. Siku ya kwanza ya masomo, Agosti 2023, ratiba mpya ya mabasi ilivurugika kiasi kwamba mtoto wa mwisho alifika nyumbani karibu saa nne usiku. Aprili 2024 bodi ilipiga kura kuondoa mabasi kwa wanafunzi wa shule nyingi za sumaku kuanzia mwaka wa masomo uliofuata.

Tazama kilichotokea hapo. Hakuna fomu iliyofutwa wala shule iliyofungwa. Mzazi bado aliweza kuchagua. Lakini mama anayeingia zamu ya kiwandani alfajiri hawezi kumpeleka mtoto maili kumi na kufika kazini kwa wakati, kwa hiyo nafasi yake ilibaki kwenye karatasi. Miezi michache baadaye, Novemba 2024, wapiga kura wa Kentucky walikataa kwa asilimia 65 hivi kuruhusu fedha za umma ziende shule binafsi. Maana yake ni kwamba kule, anayetaka kuchagua lazima apiganie uchaguzi ndani ya shule za umma, na apiganie kwanza basi.

Sheria ya Minnesota inaonyesha namna ya kuliandika jambo hili. Wilaya inayompokea mtoto kutoka nje inawajibika, mzazi akiomba, kumsafirisha ndani ya mipaka yake. Kumfikisha mpakani ni kazi ya mzazi, ila familia yenye kipato cha chini inaweza kuomba kurudishiwa gharama ya kipande hicho. Utaratibu huo bado ni mgumu kwa asiye na gari. Hata hivyo umeandikwa, na kilichoandikwa unaweza kukidai.

Jambo la pili linalowaponza wazazi ni kanuni ya kupanga nafasi. Mzazi anaorodhesha shule kwa mpangilio, mfumo unagawa, lakini njia za kugawa ni mbili na zinatoa majibu tofauti kabisa. Chukua watoto watatu na shule tatu, A, B na C, kila moja ikiwa na nafasi moja. Neema anaandika A, B, C, na dada yake anasoma B, hivyo ana kipaumbele huko. Baraka anaandika A kwanza. Zawadi anaandika B kwanza, kisha C. Katika kura ya shule A, Baraka anashinda.

Kwa njia ya zamani, iliyotumika Boston hadi 2005, kila shule hujaza nafasi kwa walioiandika ya kwanza, na nafasi hiyo haibadiliki tena. Baraka anachukua A, Zawadi anachukua B. Neema akigeukia chaguo lake la pili anakuta mlango umefungwa na anatupwa C, ingawa dada yake yuko B. Ameadhibiwa kwa kusema ukweli. Wazazi wanaojua siri hiyo hawaandiki shule wanayoitaka; wanaandika wanayodhani wataipata. Mgeni aliyeandika kwa moyo mweupe ndiye anayeumia.

Kwa njia mpya, nafasi ni za muda mpaka mzunguko wa mwisho. Neema akikosa A, ombi lake linapelekwa B na kulinganishwa na la Zawadi kana kwamba wote wameiandika ya kwanza. Neema ana ndugu pale, kwa hiyo anapata B, na Zawadi anakwenda C, chaguo lake la pili. New York ilianza kutumia njia hii kwa shule za sekondari katika udahili wa mwaka 2004, wanafunzi wakiruhusiwa kuandika hadi programu 12. Waliopangiwa shule wasiyoiomba walishuka kutoka zaidi ya 30,000 hadi takriban 3,000. Alvin Roth, mmoja wa wachumi waliousanifu mfumo huo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Hapa mzazi anahitaji swali moja tu, la kuuliza ofisi ya udahili kwa maneno haya: "Mtoto wangu akikosa shule ya kwanza, je, ombi lake kwa shule ya pili litahesabiwa sawa na la mtu aliyeiweka shule hiyo kuwa chaguo lake la kwanza?" Wakijibu ndiyo, andika ukweli wa moyo wako kuanzia juu hadi chini, jaza mistari yote, na usiache kuweka hata shule moja ambayo una kipaumbele. Wakijibu hapana, usiiweke ya pili shule inayojaa haraka, maana huenda usiikute. Na bodi inayotumia njia ya zamani ndiyo ya kuiendea kwa madai ya kubadilisha.

Basi mtetezi adai nini? Madai ya jumla kama "tupewe uhuru" hupigiwa makofi na kusahaulika. Dai linalozaa ni lile ambalo karani anaweza kulitekeleza Jumatatu asubuhi. Dai wilaya itangaze idadi ya nafasi kwa kila shule na kila darasa kabla ya maombi kufunguliwa, na itaje kikomo chake kimepimwaje. Kisingizio kikubwa cha kukataa watoto wa nje ni "tumejaa", na bila namba hakuna wa kubisha. Dai fomu moja kwa shule zote, chata zikiwemo, na tarehe moja ya mwisho. Pale kila shule inapokuwa na fomu yake, mzazi mwenye kompyuta na muda wa mchana huomba kumi, mwenzake huomba moja. Dai barua ya kukataliwa itaje sababu na namna ya kukata rufaa.

Fedha nazo ziangaliwe. Shule za umma za Marekani hupata takriban asilimia 10 kutoka serikali kuu, na sehemu kubwa iliyobaki hugawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya jimbo na kodi za wenyeji, hasa kodi ya majengo. Mtoto akivuka mpaka, fedha ya jimbo kwa kawaida humfuata. Ya wenyeji hubaki nyuma. Wilaya tajiri inayompokea inaona imepewa mtoto mzima na fedha nusu, ndiyo maana inajivuta. Mswada wowote wa usajili huria usiogusa pengo hili utapita bungeni na kukwama mlangoni mwa shule.

Pa kuyapeleka madai haya ni mkutano wa bodi ya elimu, ambao uko wazi kwa umma. Msemaji hujiandikisha mapema, mara nyingi siku moja au zaidi kabla, na hupewa dakika 2 au 3. Ziandike: nani wewe, shule gani, tatizo gani kwa namba, unataka bodi ipige kura ya nini. Mkija wazazi sita, gaweni: mmoja basi, mmoja fomu, mmoja tarehe. Wote sita wakisimulia jambo lilelile, bodi husikia mtu mmoja.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili kuna mambo matatu ya kushika. Shule inayopokea fedha ya serikali kuu ina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa; omba mkalimani kwa maandishi, na usimtumie mtoto kutafsiri mambo yake mwenyewe. Pili, kwa uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1982, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kinachoweza kuombwa ni vitu kama uthibitisho wa makazi, mfano mkataba wa pango au bili ya umeme. Tatu, familia isiyo na makazi ya kudumu, hata inayobanana kwa ndugu baada ya kupoteza nyumba, ina haki ya mtoto kuandikishwa mara moja bila kusubiri nyaraka, na kubaki katika shule yake ya awali ikiwa inamfaa.

Tarehe ziwekwe kwenye simu mapema. Usajili huria wa Minnesota hufunga maombi Januari 15 kwa mwaka wa masomo unaoanza baada ya kiangazi, na miji mingi hufunga majira hayohayo ya baridi. Anayekuja kuuliza Agosti hukuta mabaki. Mtoto akiwekwa kwenye orodha ya wanaosubiri, omba namba yake kwa maandishi, uliza kama orodha hiyo inafutwa kila mwaka, na hakikisha simu na barua pepe walizo nazo bado zinafanya kazi. Nafasi nyingi hufunguka wiki za kwanza za masomo, pale walioandikishwa wasipotokea, na shule ikipiga simu mara moja au mbili bila kujibiwa humwita anayefuata.