Wamekwisha Kupata Thawabu Yao

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiusoma mstari wa Mathayo 6:2, ambapo Yesu anawasema watoao sadaka kwa kujionyesha, kama karipio, basi. "Amin, nawaambia, Wamekwisha kupata thawabu yao." Niliposoma Kigiriki ndipo nikakutana na neno lililojificha nyuma ya "wamekwisha kupata", nalo ni *apechousin*. Mwanazuoni wa Kijerumani Adolf Deissmann, aliyechambua maandishi ya mafunjo na vigae yaliyopatikana Misri, alionyesha kwamba neno hilo lilikuwa la kila siku kwenye stakabadhi. Mtu akishalipwa anachodai, anaandika *apecho*: nimepokea, sikudai tena.

Ukilisoma hivyo, mstari unageuka. Yesu hasemi kwamba mtoaji wa kujionyesha hapati kitu. Anasema amelipwa, tena amelipwa chote. Alitaka macho ya watu, akayapata. Hakudhulumiwa hata kidogo, ila asirudi kwa Mungu kudai mara ya pili, maana risiti imeshaandikwa. Mimi naona hilo linatisha kuliko laana.

Mstari wa kwanza wa sura hiyo unasema wema usifanywe machoni pa watu "kusudi mtazamwe na wao". Kitenzi cha Kigiriki hapo ni cha ukoo mmoja na neno lililozaa "thieta". Na "wanafiki" wa mstari wa pili ni *hypokritai*, jina walilopewa waigizaji wa jukwaani. Kwa hiyo tuna maneno mawili ya mchezo wa kuigiza yaliyokaa karibu karibu. Mwigizaji wa kweli hana kosa, makofi ni ujira wake halali. Kosa ni kuichukua njaa ya mtu na kuifanya pambo la jukwaa lako.

Hilo nililiona kwa karibu siku tulipokwenda kikundi kizima kumpelekea vyakula mama mmoja mgonjwa. Alipewa mfuko aushike kwa mikono miwili, kisha akaombwa auinue kidogo ili maandishi yaonekane kwenye picha. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanza kuteleza. Alitaka kukirudisha, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika mfuko wetu. Hakuna aliyempokea. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake kabisa, nami nilikuwa natazama kamera. Picha ilitoka vizuri na sote tunaonekana wema sana. Tangu siku hiyo nikisoma "usipige panda mbele yako" namwona yeye na kile kitambaa.

Panda, kwa wale wasiolizoea neno hili la Biblia ya Muungano, ni baragumu. Mara nyingi huhubiriwa kwamba matajiri wa Kiyahudi walitembea na wapiga baragumu kila walipotoa sadaka. Sijaona ushahidi wa maana wa desturi hiyo, na nadhani tuache kuihubiri kama historia. Tunachokijua ni kwamba Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya Kiyahudi wa mnamo mwaka 200, inataja masanduku 13 ya fedha Hekaluni yaliyoitwa kwa jina la baragumu kwa sababu ya umbo lake. Baadhi ya wafafanuzi huona kwamba Yesu alikuwa akichezea jina hilo. Huenda ikawa hivyo, huenda alisema kwa mfano tu. Lakini Mishna hiyo hiyo inataja pia chumba cha siri Hekaluni: wacha Mungu waliweka humo walichonacho bila kuonekana, na maskini wa jamaa njema wakapata riziki yao humo bila kuonekana. Mtoaji hakumjua mpokeaji, na mpokeaji hakumjua mtoaji. Nalisema hili makusudi, kwa sababu tumezoea kuufanya mstari huu kuwa fimbo ya kuwachapia Wayahudi. Yesu alifundisha akiwa ndani ya watu waliokuwa tayari wanajua heshima ya siri.

Siri hiyo inamlinda nani? Tunasema inamlinda mtoaji asipate kiburi, na ni kweli. Ila inamlinda zaidi yule anayepokea. Ukitangaza ulichompa mtu, umetangaza pia alichokosa.

Mjane wa Marko 12 alitia hazinani senti mbili, *lepta* mbili, sawa na kodrante moja, sarafu ndogo ya Kirumi. Dinari, ambayo Mathayo 20 inaitaja kama ujira wa kibarua wa siku nzima, ilikuwa na kodrante 64. Alitoa sehemu moja ya 64 ya kipato cha siku, na Marko anasema ndiyo riziki yake yote. Huwa nawaomba wanafunzi waangalie nani anaambiwa habari hiyo. Yesu anawaita wanafunzi wake na kuwaambia wao. Hakuna mstari unaosema alimwita mama yule ampongeze. Kwa kadiri ya maandiko, alikwenda zake bila kujua kwamba ameonekana.

Mkono wa kushoto ndio sehemu ngumu kuliko zote. "Hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume." Augustino wa Hippo, askofu wa Kanisa la kale, aliufafanua mkono wa kushoto kuwa ile tamaa ya kusifiwa, inayotaka kujichanganya na tendo jema. Naye Yohane Krisostomo, mhubiri wa Kanisa hilo la kale, alisema jambo ambalo huwa linanikata: mtu anaweza kutoa mbele ya watu bila nia ya kuonekana, na mwingine akatoa kwa siri huku moyoni anatamani aonekane. Najijua. Nimewahi kumsaidia mtu nisimwambie yeyote, kisha wiki nzima nikawa naelekeza mazungumzo pembeni pembeni ili wenzangu wabahatishe wenyewe. Na nisipopata wa kumwambia, najisimulia mwenyewe usiku. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshajua kila kitu. Kondoo wa Mathayo 25, yaani wenye haki katika mfano wa hukumu, ni tofauti kabisa: wanaposifiwa wanashangaa. "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa tukakulisha?" Hawakuwa wameweka hesabu.

Ahadi ya mwisho nayo imeharibiwa kwa masikio yetu. "Baba yako aonaye sirini atakujazi." Wengi husikia "atakujaza", mahubiri yakaishia kwenye ghala kujaa. Kujazi ni kulipa, kutoa thawabu, ni ndugu wa nomino "jaza", yaani thawabu. Tena zipo nakala za Kigiriki zinazoongeza "kwa wazi", na King James, Biblia ya Kiingereza ya 1611, ikazifuata, ndiyo maana utasikia kwamba ukitoa sirini Mungu atakuinua hadharani. Sinaitiko na Vatikano, nakala mbili za karne ya 4, hazina nyongeza hiyo, wala Biblia ya Muungano haina. Nashukuru haina. Siri inayosubiri kutangazwa ni panda iliyocheleweshwa tu.

Mtu ataniuliza kuhusu Mathayo 5:16, "nuru yenu na iangaze mbele ya watu". Yesu ni yule yule, hotuba ni ile ile. Soma hadi mwisho: "wamtukuze Baba yenu". Wema mwingine hauwezi kufichika, na hakuna haja ya kuuficha kwa hila. Daktari hatibu gizani. Swali ni sifa inakwenda kwa nani.

Na siri haina maana ya fedha kutokuwa na hesabu. Hapo nina ukali, kwa sababu nimeona watu wakijificha nyuma ya mstari huu. Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakubeba fedha peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:20-21 anaeleza kwamba anajiepusha na lawama, akifikiri yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu". Jina la mtoaji lifichwe, matumizi ya fedha yawekwe mezani.

Niliwahi kushika daftari la mfuko wa wahitaji. Kila mwezi ilikuja bahasha moja, noti zimekunjwa mara nne, haina jina. Niliandika tarehe, nikaandika kiasi, nikamwonyesha mwenzangu tuliyehesabu naye akatia sahihi. Safu ya jina tuliiacha wazi.