Mkusanyaji si mtunzi

Juzi nimesikia tena, na safari hii kwa mtu anayefundisha fasihi: "Mchungaji Lyngbye, mtunzi wa balladi za Faroe." Nikaona nisiponyamaza nitaandika, basi naandika.

Balladi ni wimbo mrefu wenye kisa. Watu wa visiwa vya Faroe, vilivyo Atlantiki ya kaskazini chini ya Denmark, huuita kvæði, na hiyo herufi ð ya katikati haitamkwi. Wanaodhani balladi ni wimbo wa mapenzi wa kuimbwa polepole kwa gitaa wajue kuwa neno lenyewe lina asili ya Kilatini, ballare, kucheza ngoma. Huko Faroe bado huchezwa: watu hushikana mikono wakazunguka, mmoja anaongoza beti, wengine wanapokea kiitikio, na mdundo wote ni wa miguu sakafuni. Ni ngoma isiyo na ngoma.

Sasa hilo la "mtunzi". Kutunga ni kupitisha uzi. Tunatunga shanga, tunatunga samaki kwenye ugwe, na mtu wa mashairi tukamwita mtunzi kwa kuwa hupanga maneno yakashikana. Hans Christian Lyngbye hakupitisha uzi wowote. Mdenmarki huyu alikwenda Faroe mwaka 1817 kutafuta mwani, maana alikuwa mtaalamu wa mimea ya baharini. Akawakuta watu wanaimba habari za Sigurd aliyeua joka, akaanza kuandika. Aliandika kwa kufuata sikio tu: kanisani na kwenye maandishi lugha ilikuwa Kidenmarki, na Kifaroe hakikuwa na tahajia iliyokubalika. Mchungaji wa huko huko, Johan Henrik Schrøter wa kisiwa cha Suðuroy, alimsaidia. Kitabu kikatoka 1822, wakati huo Lyngbye ni mchungaji wa mashambani Jutland, huko Denmark, nacho ndicho cha kwanza kupigwa chapa kwa Kifaroe. Tahajia inayotumika leo, pamoja na ile ð yake ya kimya, msingi wake uliwekwa 1846 na V. U. Hammershaimb, ambaye naye alikuja kuwa mchungaji na mkusanyaji.

Simnyimi mkusanyaji haki yake. Wimbo mmoja ukiimbwa namna tatu, yeye ndiye anayeamua ipi iingie kitabuni, na uamuzi huo si mdogo. Lakini shanga zilikuwa zimeshatungwa, tena na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, kwa Lyngbye sema "alikusanya", inatosha. Na kama darasa litataka mtunzi wa Kifaroe mwenye jina, yupo Jens Christian Djurhuus, mkulima, aliyetunga balladi ya Ormurin langi katika karne ya 19. Huyo muite mtunzi bila wasiwasi.